Wadudu na Joto

Saa saba mchana, jua likiwa utosini, mbwa hulala chini ya ghala akihema na ulimi nje, ng'ombe husimama chini ya mti, na mtu hutafuta kivuli na maji ya kunywa. Hata hivyo, mtu, ng'ombe na mbwa wana msaada mkubwa ndani ya miili yao, maana joto la miili hiyo halibadiliki sana. Mpime mtu mwenye afya katika asubuhi ya baridi huko Kabale, kisha umpime mwingine katika mchana wa jua kali huko Gulu, na wote wawili utawakuta karibu na digrii 37 za Sentigredi. Mdudu hana msaada huo. Kwa kawaida mwili wake hufuata joto la mahali alipo: hewa ikipoa naye hupoa, jiwe likipata moto naye hupata moto. Tena ni mdogo mno, kwa hiyo hushika joto upesi, kama vile maji ya kijiko yanavyochemka kabla ya maji ya sufuria.

Basi swali la kwanza la somo letu ni hili: Kiumbe mdogo namna hii anaishije katika nchi za jua? Na swali la pili ni hili: Jua likizidi ukali duniani, ni mdudu yupi aliye katika hatari zaidi, yule wa nchi ya baridi au yule wa nchi ya joto? Wengi watajibu mara moja kwamba mdudu wa nchi ya joto ni salama, kwa kuwa amezoea. Tuone kama jibu hilo ni sawa.

Joto humdhuru mdudu kwa njia gani?

Vunja yai, utie ute wake katika kikaango chenye moto. Ute uliokuwa laini na wenye kupitisha nuru hugeuka kuwa mweupe na mgumu, na hata ukiuacha upoe hauwezi kurudi kuwa kama kwanza. Ute wa yai una protini, na protini ndizo zinazofanya kazi nyingi ndani ya kila mwili wenye uhai. Kila protini ina umbo lake, imekunjwa kwa namna yake maalumu, na bila umbo hilo haifanyi kazi. Joto likizidi, mikunjo hiyo hufumuka, na protini hushikamana ovyo. Haihitaji joto la kikaango. Wadudu wengi hupoteza nguvu zao mwili ukifika mahali fulani kati ya digrii 40 na 50.

Dhara la pili ni kukauka. Mdudu amefunikwa na gamba lenye nta nyembamba inayozuia maji yasitoke. Joto likiwa kali mno, nta hiyo hulainika, na maji machache yaliyomo mwilini hupotea.

Dhara la tatu halionekani kwa macho. Wachunguzi wa nzi wadogo wa matunda wamegundua kwamba katika aina nyingi dume huweza kupoteza uwezo wa kuzaa katika joto ambalo halimwui. Mdudu huyo bado anatembea, anakula na anaruka, lakini hatapata watoto. Kwa hiyo tusidhani kwamba joto baya ni lile tu linaloua papo hapo.

Silaha ya kwanza: kuchagua saa na mahali

Mdudu hawezi kuamuru jua, lakini anaweza kuchagua saa ya kutoka na mahali pa kukaa. Hii ndiyo silaha inayotumiwa na wadudu wengi kuliko zote. Wachunguze chungu wa njiani: asubuhi njia yao imejaa, adhuhuri wamepungua, na alasiri wamerudi kazini. Ndani ya udongo, hata kwa kina cha urefu wa kiganja tu, joto la mchana ni dogo kuliko la juu ya ardhi tupu.

Mbung'o hufanya vivyo hivyo. Hewa ikipita digrii 32 hivi, huacha kuzunguka, huingia katika mapango ya miti na katika mashimo yaliyochimbwa na mhanga, hukaa humo gizani mpaka jua lipungue.

Wengine hutumia namna ya kusimama. Tunutu wa nzige wa jangwani, asubuhi kukiwa na baridi, husimama ubavu wakielekea jua, ili mwili wote upate joto. Mchana hugeuka wakaelekeza kichwa kwenye jua, ili sehemu ndogo tu ya mwili ipigwe, tena hupanda juu ya majani na vijiti kuikimbia ardhi yenye moto. Nao kereng'ende wa aina kadhaa huinua mkia juu na kuuelekeza penye jua, mpaka kivuli chao kinakuwa kama nukta. Atakayesimama kando ya bwawa saa sita mchana aweza kuliona jambo hili kwa macho yake.

Silaha ya pili: nyumba na kazi ya pamoja

Nyuki mmoja peke yake hawezi kufanya mengi juu ya joto, lakini kundi la nyuki hutawala joto la mzinga wao kwa ustadi mkubwa. Majana waliomo katika masega huhitaji joto la karibu digrii 34 au 35. Joto likizidi, nyuki hujipanga, wengine mlangoni na wengine ndani, wakapepea kwa mabawa yao ili hewa ya moto itoke. Isipotosha hiyo, wengine huenda kuteka maji, huyaleta na kuyapaka juu ya masega kwa tabaka nyembamba, na wenzao hupepea mpaka maji yageuke mvuke. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto na kwenda nalo. Ndiyo sababu maji ya mtungi wa udongo huwa baridi kuliko maji ya debe: mtungi hutoa jasho, na jasho likikauka huondoa joto. Nyuki wanaijua kazi ya mtungi bila kuwa na mtungi.

Hata akiwa angani peke yake, nyuki ana hila hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Bernd Heinrich aliona kwamba nyuki waliorushwa katika hewa ya digrii 46 walitoa tone la maji matamu kutoka tumboni, wakalishika mdomoni, nalo likikauka likapoza kichwa.

Mchwa wajengao vichuguu vikubwa nao ni mafundi. Ukuta mnene wa kichuguu huzuia joto la mchana na baridi ya usiku, na hewa hupita kidogo kidogo katika njia za ndani. Hivyo chumba chao, pamoja na bustani ya uyoga wanaoulima humo, hukaa karibu na digrii 30, ingawa nje hali yabadilika kila saa. Kule Australia ya kaskazini wako mchwa wanaojenga vichuguu vyembamba kama ukuta, vyote vimeelekea kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni hupiga upande ulio mpana na kuupasha joto, lakini jua kali la mchana hukuta ukingo mwembamba tu.

Silaha ya tatu: mwili wenyewe

Sasa twende katika jangwa la Sahara, tuonane na bingwa wa mashindano haya. Ni sisimizi ambaye kwa sayansi huitwa *Cataglyphis bombycina*, na mwili wake hung'aa kama fedha. Mchana, mchanga wa huko ukipita digrii 60, wanyama karibu wote wamejificha. Hata mjusi anayewawinda sisimizi hawa amerudi shimoni mwake kukimbia joto. Ndipo sisimizi wa fedha wanapotoka, maana chakula chao ni wadudu waliokufa kwa joto hilo hilo. Wana dakika chache tu. Wakitoka mapema mjusi atawala, wakichelewa jua litawaua, kwa kuwa miili yao huvumilia mpaka digrii 53 hivi, wala haizidi hapo. Kwa hiyo hukimbia mbio ajabu, karibu sentimita 85 kwa kila sekunde, na mara kwa mara hupanda juu ya kijiti kikavu ili wapoe kidogo kabla ya kuendelea.

Rangi yao ya fedha si pambo. Mwaka 1915 hakuna aliyejua siri yake. Mwaka 2015 wataalamu walieleza kwamba nywele za sisimizi huyu, zikikatwa na kutazamwa kwa hadubini, zina pembe tatu. Umbo hilo hurudisha nuru ya jua kama kioo, na tena husaidia mwili kutoa joto lake nje. Sisimizi walionyolewa nywele hizo walionekana kuwa na joto zaidi kwa digrii 5 hadi 10 kuliko wenzao.

Kuna ulinzi mwingine ndani zaidi, nao uligunduliwa kwa bahati. Huko Italia, Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza nzi wadogo wa matunda. Siku moja mtu mwingine katika maabara aliongeza joto la kabati lililowekwa vitu vyake. Ritossa alipotazama kwa hadubini aliona nyuzi za urithi ndani ya chembe zimevimba mahali pasipo pa kawaida, dalili ya kwamba chembe zimeanza kazi mpya upesi. Alitangaza habari hiyo mwaka 1962. Mwaka 1974 wengine walionyesha kazi yenyewe: chembe iliyopatwa na joto hutengeneza protini za pekee. Protini hizo huzishika protini nyingine zisifumuke na kushikamana, na kuzisaidia kurudia umbo lake. Tangu hapo protini za namna hii zimekutwa karibu katika kila aina ya kiumbe, mtu akiwa mmojawapo.

Wadudu wengi huzitengeneza wakiisha kupatwa na joto. Sisimizi wa Sahara hawangoji. Huziweka tayari mwilini kabla hawajatoka shimoni, kama askari avaaye ngao nyumbani, maana nje hakuna nafasi ya kuivaa.

Anayelala mpaka mvua

Kuna mdudu mmoja ambaye hakimbii joto wala hapigani nalo. Yeye ni jamaa ya wale wadudu wadogo wanaopanda kama wingu la moshi juu ya Ziwa Viktoria. Jina lake ni *Polypedilum vanderplanki*, naye amepatikana Nigeria ya kaskazini na hapa Uganda. Buu wake huishi katika vidimbwi vidogo vya maji ya mvua juu ya miamba. Jua likiwaka siku kadhaa, kidimbwi hukauka, na buu hukauka pamoja nacho, mpaka maji ya mwili wake yanabaki karibu sehemu 3 tu katika 100. Hapumui, hali, wala hajongei. Mvua ikinyesha hulowa, na kwa muda wa saa moja hivi huanza kutembea tena.

Mtaalamu H. E. Hinton wa Bristol, Uingereza, alieleza habari za mdudu huyu mwaka 1951, na mwaka 1960 alitangaza majaribio yake: mabuu makavu yaliwekwa katika joto lililopita digrii 100, yaani kuliko maji yanayochemka, kwa muda wa dakika moja, na yalipotiwa maji yakafufuka. Mengine yaliamka baada ya kukaa makavu miaka 17. Siri yao ni sukari iitwayo trehalosi. Buu akikauka polepole, kwa siku mbili hivi, huijaza mwilini, nayo hushika mahali pa maji na kuzilinda protini. Akikaushwa kwa haraka hana nafasi ya kuitengeneza, naye hufa. Tena tuangalie jambo moja: nguvu hii ni ya buu mkavu. Buu aliyelowa, anayekula na kukua, huuawa na joto kama wadudu wengine.

Jibu la swali la pili

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwaka 2000 wataalamu walikusanya vipimo vya wadudu kutoka nchi nyingi, za baridi na za joto, wakavilinganisha. Waliona kwamba uwezo wa kuvumilia baridi hutofautiana sana: wadudu wa kaskazini ya mbali huishi katika baridi inayoua mara moja wadudu wa kwetu. Lakini uwezo wa kuvumilia joto hutofautiana kidogo tu. Mdudu wa nchi ya joto hakuongezewa sana juu ya yule wa nchi ya baridi.

Maana yake ni kubwa. Mdudu wa Ulaya huishi siku nyingi katika hewa iliyo chini kabisa ya joto linalomfaa. Likiongezeka digrii mbili, huenda akastawi zaidi. Mdudu wa nchi zetu tayari huishi karibu na joto linalomfaa zaidi, na juu yake kidogo tu ndipo penye mpaka. Ni kama watu wawili waliobeba ndoo: wa kwanza ndoo yake imejaa nusu, wa pili imejaa mpaka ukingoni. Ukiwaongezea kikombe kimoja kila mtu, ni ya nani itakayomwagika? Mwaka 2008 wataalamu wengine walipiga hesabu za jambo hilo, wakaona kwamba wadudu wa nchi za joto ndio walio katika hatari zaidi, ingawa huko joto linaongezeka polepole kuliko kaskazini. Basi kule "kuzoea" hakumpi mtu, wala mdudu, akiba ya kutosha.

Yanayotuhusu sisi

Dunia imekwisha kuongezeka joto kwa zaidi ya digrii moja tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Katika bonde la Zambezi, nchini Zimbabwe, mbung'o wamekuwa wakihesabiwa kwa miaka mingi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2018 ilionyesha kwamba tangu miaka ya 1990 wamepungua mno, na kuongezeka kwa joto, hasa katika mwezi wa Novemba, ndiko kunakoelekea kuwa sababu. Mfugaji atafurahi, lakini asifurahi upesi: nchi ya juu iliyokuwa na baridi mno kwa mbung'o huenda siku moja ikamfaa.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa kahawa. Kuna mdudu mweusi, asiyezidi milimita mbili, jamaa ya fukusi, atoboaye buni na kuzaa ndani yake. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa icipe, Nairobi, na wenzao, ukatangazwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba mdudu huyu humaliza maisha yake yote, toka yai mpaka mzima, kati ya digrii 20 na 30, na kwamba katika digrii 15 na katika digrii 35 jike hakutaga. Kahawa ya arabika hulimwa katika milima ya Elgon, Rwanda, Burundi na Kivu, ambako baridi ilikuwa mlinzi wa shamba. Mlinzi huyo akiondoka, mdudu hupanda mlima. Kwa hiyo mkulima aachaye migomba na miti ya kivuli katikati ya kahawa yake hafuati desturi tu. Anashusha joto la shamba.

Na miti hiyo hiyo ni kimbilio la nyuki na wadudu wengine wanaochavusha maua ya mimea yetu. Tumekwisha kuona kwamba silaha kubwa ya wadudu wengi ni kuhamia mahali penye ubaridi. Tukikata kila mti na kuchoma kila jani, silaha hiyo tumewanyang'anya, hata kama joto la dunia lisingeongezeka.

Inafaa kukumbuka kwamba icipe ilianzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, Mwafrika aliyesoma Makerere. Kazi ya kuwachunguza wadudu wetu bado ni kubwa, nayo yangoja wanafunzi.

Kazi ya kufanya

Chagueni njia ya chungu karibu na shule. Kila saa, tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, hesabuni chungu wanaopita alama moja kwa muda wa dakika tano. Wakati huo huo pimeni joto kwa kipimajoto mahali patatu: juu ya udongo ulio juani, juu ya udongo ulio kivulini, na katika hewa ya kivulini. Chorani mistari miwili katika karatasi moja, mmoja wa hesabu ya chungu na mmoja wa joto la udongo ulio juani. Rudieni siku ya mawingu.

Maswali

1. Kwa sababu gani mdudu mdogo hupata joto upesi kuliko ng'ombe?
2. Eleza jinsi mtungi wa maji na mzinga wa nyuki vinavyofanana katika kupoza.
3. Sisimizi wa fedha hutengeneza protini za ulinzi kabla ya kutoka. Ingekuwaje kama angengoja mpaka apatwe na joto?
4. Mzee mmoja asema, "Wadudu wetu hawadhuriki na jua, wamelizaliwa." Mjibu kwa adabu, ukitoa sababu mbili.